Cité Gécamines ya Kolwezi: mtaa uliozaliwa na mgodi

Fidia ya mgodi inapotajwa hapa Kolwezi, swali moja hurudi mikutanoni: «Nani mwenyeji, nani mgeni?» Historia ya mtaa wa Cité Gécamines inasaidia kulijibu.

Mji wa Kolwezi uliundwa mwaka 1937 na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Kampuni hiyo ilitaka wafanyakazi wa kudumu pamoja na wake na watoto wao. Ndiyo maana kambi zake zilikuwa na nyumba za matofali, barabara zilizonyooka, shule, hospitali na posho ya unga. Walunda, Waluba wa Katanga, Wachokwe na watu wa Kasai waliishi ukuta kwa ukuta. Kazi ndiyo iliyowafanya kuwa majirani, na Kiswahili kikawa lugha yao. Mwaka 1967 Serikali ilichukua mali za kampuni, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likaendelea kuwatunza. Wazee husema kazi ilikuwa baba, ikawa na mama.

Kisha kazi iliyumba. Miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1993 hazikufika 50,000. Katika shida hiyo, 1992 na 1993, wanasiasa waliwaita watu wa asili ya Kasai wageni. Walifukuzwa, hata waliozaliwa hapa. Wengi walingoja treni katika vituo vya Likasi na Kolwezi, na wengine walifia humo kwa njaa na magonjwa.

Leo mgodi wa shaba na kobalti wa COMMUS umesogea hadi ndani ya mtaa. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu familia zilizohamishwa. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye mgodi kulipa fidia ya haki kwa wanaonyimwa matumizi ya ardhi yao. Haiulizi kabila.

Kwa hiyo, ndugu viongozi na wazazi:

- Andikeni orodha ya wakazi mbele ya watu wote: wenye nyumba, wapangaji, wajane na yatima.
- Tunzeni hati za nyumba, barua za kazi na risiti, na nakala zake ziwekwe mahali pengine.
- Neno «mgeni» likitamkwa kikaoni, lizuieni hapohapo. Mwaka 1992 pia lilianza kama neno tu.

Tukigawanyika, kila familia itajadiliana na kampuni peke yake.