Tafsida na Afya ya Mwanamke: Mfano wa Fistula ya Uzazi

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi tafsida, yaani kutaja jambo la aibu kwa neno la adabu, inavyoweza kumlinda mwanamke na pia kumdhuru. Mfano wetu ni fistula ya uzazi, ugonjwa ambao bado huwapata akina mama kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Fizi.

Yafaa kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Mtoto akikosa njia ya kupita, kichwa chake hubana nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga, pengine kwa siku mbili au tatu. Damu haifiki mahali pale. Nyama hufa, na tundu hubaki kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na utumbo mkubwa. Tangu hapo mkojo au kinyesi hutoka bila kuzuilika. Aghalabu mtoto naye huwa amekufa.

Dawa yake ni upasuaji, na kinga yake ni upasuaji wa wakati. Historia ya Marekani yathibitisha hayo. Huko Alabama, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa mara nyingi, bila dawa ya usingizi, akitafuta njia ya kuziba tundu hilo. Majina matatu tu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Leo fistula ya uzazi ni nadra sana nchini humo, kwa kuwa mzazi aliyekwama hupasuliwa mapema. Basi ugonjwa huu si laana, wala si kosa la mwanamke.

Tugeukie lugha. Kiswahili kina adabu nyingi juu ya mwili wa mwanamke. Mwenye hedhi yumo mwezini. Kuzaa ni kujifungua. Mkojo ni haja ndogo. Maneno hayo humwezesha binti kuzungumza na shangazi yake bila kuvunja heshima. Lakini mgonjwa wa fistula akimwambia muuguzi kwamba ana shida ya haja ndogo, muuguzi aweza kudhani maradhi mengine mengi. Tafsida imeficha mambo mawili yanayohitajiwa: kwamba mkojo unatoka wenyewe, na kwamba ulianza baada ya kuzaa.

Neno uchungu nalo lina hatari yake. Kwa kuwa uchungu hutazamiwa kwa kila mzazi, neno hilo halitofautishi uchungu unaomsukuma mtoto na ule uliokwama. Walio milimani juu ya Uvira wakisikia kwamba bado yuko na uchungu, huenda wakangoja siku ya pili ndipo wafunge kipoyi cha kumteremshia.

Sarufi pia ina neno la kusema. Tukisema mwanamke wa fistula, au anavuja, tumemfanya mtu kuwa ndiyo maradhi. Tukisema mwanamke mwenye fistula, au mkojo unavuja, tumetenga mtu na maradhi yanayoweza kumtoka.

Kuhusu jina, Kiswahili sanifu kina nasuri, neno la asili ya Kiarabu. Sisi twatumia fistula, kutoka Kilatini, maana yake mrija. Hakuna kati ya hayo linalotaja chanzo. Ndiyo sababu twaongeza maneno ya uzazi. Hata hivyo si kila fistula ni ya uzazi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2018, imewatibu wengi walioipata kwa kubakwa vitani.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wanafunzi wa uuguzi wafundishwe kuanza kwa tafsida, faraghani, kisha waulize waziwazi: Mama, mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku? Ulianza lini? Heshima imo katika namna ya kuuliza. Haidai kwamba swali liachwe.