Kumbukumbu na Utambulisho katika Filamu za Kijasusi: Mtazamo wa Sayansi ya Ubongo kutoka Nyakuron, Juba

Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, jijini Juba, ni ukumbi unaojulikana kwa muziki, tamthilia na filamu. Kwa watazamaji wa jiji lililopitia mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016, swali linaloibuliwa na filamu za kijasusi si la burudani tu: mtu aliyepoteza kumbukumbu hubaki kuwa nani?

Mfano maarufu ni The Bourne Identity (2002), iliyoongozwa na Doug Liman. Jasusi Jason Bourne anaokolewa baharini akiwa na majeraha ya risasi, asijue hata jina lake. Hata hivyo anazungumza lugha kadhaa na kupigana kwa ustadi. Baadaye inabainika kwamba alishindwa kumuua Wombosi, kiongozi wa Kiafrika aliye uhamishoni, alipowaona watoto wake.

Kwa upande mmoja, usawiri huo unaafikiana na sayansi, kwani kumbukumbu si ghala moja. Mnamo 1953, Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi katika pande zote mbili za ubongo. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Hata hivyo, mtafiti Brenda Milner alibainisha kwamba Molaison aliendelea kujifunza kuchora kwa kutazama kioo, ingawa hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo. Kumbukumbu ya stadi na kumbukumbu ya matukio, basi, hutegemea mifumo tofauti.

Kwa upande mwingine, filamu inapotosha. Hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison alilijua jina lake na mengi ya utotoni mwake. Kusahau nafsi yote ni jambo adimu, na aghalabu hufungamana na mshtuko wa kisaikolojia kuliko jeraha la ubongo.

Upotoshaji huu una madhara. Majeruhi wa kichwa anayejitambua lakini asiyekumbuka ya jana huweza kudhaniwa mzembe au mwongo, kwa kuwa hafanani na Bourne. Vilevile, wengi walioathiriwa na vita hawateswi na kusahau, bali na matukio yanayorejea katika jinamizi bila kualikwa. Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili hauna budi kuzitenganisha hali hizi, ili istilahi moja ya "kupoteza kumbukumbu" isibebeshwe zote.