Ditekta ya dhahabu inalia kila hatua? Huenda ni misumari tu

Kwenye maeneo ya zamani ya uchimbaji kama Chunya na Geita, kinachomchosha mtu mwenye ditekta siyo jua peke yake. Ni vyuma chakavu: misumari, waya, vizibo vya soda, vipande vilivyokatika kwenye sululu. Mashine inalia, mtu anachimba nusu saa, kumbe msumari. Ikifika saa nane mchana na mfukoni kuna misumari mitupu, wengi huwasha kichujio cha chuma hadi mwisho na kuendelea kutembea. Hapo ndipo dhahabu nyingine huachwa ardhini.

Mashine inajuaje hiki ni chuma? Ile sahani ya chini, yaani koili, hutuma nguvu ya sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Gold Monster 1000 ya Minelab, kwa mfano, hutumia kilohezi 45, yaani mara 45,000 kwa sekunde. Metali iliyopo chini hujibu kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko hutofautiana. Chuma hujibu kivyake, shaba na fedha kivyake. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mlio au namba kwenye kioo. Kwenye mashine nyingi za namba, chuma hukaa chini na fedha juu.

Shida ni kwamba kipande kidogo cha dhahabu nacho hukaa chini, jirani kabisa na chuma. Udongo mwekundu wenye chuma kingi huzidisha utata: kadiri kipande kilivyozama, ndivyo mashine inavyoelekea kukiita chuma. Kizibo cha soda nacho hufanya kinyume. Ni chuma, lakini kwa kuwa ni bapa na mviringo, mara nyingi hujifanya metali ya maana.

Kwa hiyo kichujio kinapaswa kuguswa mwisho. Kwanza mashine izoeshwe udongo: mahali pasipo na chuma, koili inapandishwa na kushushwa hadi mlio utulie (mashine nyingine hufanya hivyo zenyewe). Kisha usikivu. Ukiwekwa juu sana mashine hupiga kelele bila sababu, na watu hulaumu misumari. Ushushwe kidogo kidogo hadi kelele ikate. Ndipo kichujio kiwashwe, kuanzia kiwango cha chini kabisa.

Kukijaribu hakuhitaji dhahabu. Kipande kidogo cha madini ya risasi hulia karibu sawa nayo. Kifukiwe sentimita chache, msumari ufukiwe hatua kadhaa pembeni, halafu kichujio kipandishwe taratibu. Risasi ikianza kufifia, hapo pamezidi. Kirudishwe nyuma, hata kama msumari bado unakoroma kidogo.

Baada ya hapo msumari uhamishiwe karibu na risasi. Mara nyingi vyote viwili vitanyamaza. Kichujio hakiondoi chuma ardhini, kinazima tu mlio wake, na kikizima kinaweza kuondoka na jirani yake. Koili ndogo husaidia kuvitenganisha, pamoja na kupitisha polepole, kisha kurudia kutoka upande mwingine kama alama ya msalaba. Mlio unaokatika upande mmoja na kuwa safi upande wa pili unastahili kuchimbwa.

Mashine za mapigo, kama GPX 5000, ni habari nyingine. Hizo huenda kina zaidi kwenye udongo mgumu, lakini kichujio chao ni dhaifu na hufaa zaidi kwa vyuma vilivyo karibu na juu. Aliyenunua mashine hiyo kwa mamilioni ya shilingi kimsingi amekubali kuchimba kila mlio.

Kinachookoa muda ni sumaku iliyofungwa kwenye mpini wa sululu. Ikipitishwa kwenye udongo uliotolewa, msumari hunasa chap. Na msumari huo ubebwe, usitupwe palepale, maana kesho utalia tena.