Eneo, Fundo na Wastani: Kudondoa Matokeo katika Programu za Uigaji

Kudondoa, katika matumizi ya kawaida, ni kuokota kitu kimoja kimoja, kama nafaka, au kunukuu sehemu ya maandishi. Katika uhandisi, kudondoa matokeo ni kuteua sehemu mahususi ya umbo lililokokotolewa na programu ya uigaji, kisha kupata kutoka sehemu hiyo thamani inayohitajika: mkazo, kani, mhamo au halijoto. Maneno yanayotumika hapa ni machache na yamezoeleka, lakini kila moja lina mtego wake, na anayeyatafsiri bila kujua kinachofanyika ndani ya programu huweza kubadili maana ya namba nzima.

Wavu, elementi na fundo

Ili kukokotoa, programu hugawa umbo katika vipande vidogo viitwavyo elementi. Elementi zote kwa pamoja hufanya wavu, na pale pembe zake zinapokutana pana mafundo. Istilahi hizi zinaafikiana na lugha ya wavuvi: wavu wenye macho makubwa hupitisha samaki wadogo, na wavu wenye elementi kubwa hupitisha mabadiliko ya ghafla ya mkazo pasipo kuyanasa.

Mhamo hukokotolewa moja kwa moja kwenye mafundo. Mkazo, kwa kawaida, hukokotolewa katika nukta zilizo ndani ya elementi, kisha hupelekwa hadi kwenye mafundo kwa makadirio. Fundo likichangiwa na elementi kadhaa, programu nyingi huchukua wastani wa thamani zinazotoka kila upande. Wastani huo hufaa ndani ya metali moja. Pale chuma kinapoungana na aluminiamu, mkazo wa pande hizo mbili huweza kutofautiana kihalali, na wastani wake ukawa namba isiyo ya chuma wala ya aluminiamu. Hapo kila metali iteuliwe na kusomwa peke yake.

Utata wa neno “eneo”

Neno eneo lina maana mbili zinazogongana katika kazi hii: mahali palipoteuliwa, na ukubwa wa uso unaopimwa kwa mita za mraba. Kwa hiyo “wastani wa eneo” huweza kufahamika kuwa wastani wa thamani za mahali fulani, au wastani unaozingatia ukubwa wa kila kipande. Tofauti si ya maneno tu. Chukua uso wenye elementi mbili: ya kwanza ina milimita za mraba 9 na mkazo wa megapaskali 20, ya pili ina milimita ya mraba 1 na mkazo wa megapaskali 100. Wastani wa kawaida ni megapaskali 60. Wastani unaozingatia ukubwa ni megapaskali 28. Kani halisi inayopita katika uso huo ni nyutoni 280, na ni wastani wa pili pekee unaoafikiana nayo.

Inafaa basi kutumia sehemu teule kwa mahali, na kuliacha eneo kwa kipimo. Vilevile ikumbukwe kwamba kani hujumlishwa, lakini mkazo haujumlishwi: “jumla ya mkazo katika mafundo” ni kifungu kilicho sahihi kisarufi kisicho na maana ya kihandisi.

Thamani ya juu kabisa

Kona ya ndani iliyo kali, isiyo na mviringo, huleta tatizo jingine. Katika ukokotoaji wa kawaida wa unyumbufu, mkazo mahali hapo hauna kikomo. Kadiri elementi zinavyopunguzwa ukubwa, ndivyo namba inavyozidi kupanda. Thamani ya juu kabisa ikidondolewa hapo, haielezi nguvu ya kifaa, bali inaeleza udogo wa elementi. Mhandisi huichora kona kwa mviringo wake halisi, au husoma mkazo umbali fulani kutoka kwenye kona.

Kisa cha Sleipner A

Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la Sleipner A ulizama katika Gandsfjord, karibu na Stavanger nchini Norwei, ulipokuwa ukishushwa majini kwa majaribio. Watu waliokuwamo waliokolewa, ila hasara ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 700. Uchunguzi ulibaini kwamba, katika kuta za vyumba vya pembetatu vilivyo baina ya matangi, mkazo wa kukata ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Elementi za hapo zilikuwa kubwa na zilizopotoka umbo. Thamani za ndani ya elementi zilipopelekwa hadi ukingoni mwa ukuta, zilitoka ndogo kuliko hali halisi. Nondo za mahali hapo nazo hazikufika mbali vya kutosha. Ukokotoaji makini uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba ukuta ungepasuka katika kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka katika mita 65.

Kwa mwalimu na mfasiri, sentensi inayotaja tokeo haijakamilika mpaka iseme mambo manne: sehemu gani iliteuliwa, kitu gani kilipimwa, thamani ilipatikana kwa njia gani, na kwa kizio kipi. Likikosekana moja, msomaji hupewa namba asiyoweza kuijengea ukuta.