Kengele isiyozimwa na mkono wenye usingizi



Siku ya mtihani wa Serikali wa mwaka wa sita wa shule ya msingi, mama mmoja wa kikundi chetu aliamshwa na jua dirishani. Simu ilikuwa imelia saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukaizima, naye hata hakumbuki. Mtoto alikimbia hadi shuleni bila chai na kukuta mlango uko karibu kufungwa. Aliingia, lakini mama alilia siku nzima.

Alipotusimulia mkutanoni, wengi wetu tuliinamisha vichwa. Yametupata sote. Wala si uvivu: macho hufunguka kwanza, akili hufuata nyuma. Uzito huo mara nyingi hudumu dakika 15 hadi 30, na hudumu zaidi kwa aliyelala kidogo. Ni wakati huo huo tunapozima kengele, na tunapowasha mbabula tukisinzia.

Kuna programu za simu, kama Alarmy, ambazo hazinyamazi mpaka ufanye kazi fulani: kujibu hesabu, kutikisa simu, au kupiga picha ya kitu ulichokichagua jana, kama ndoo ya maji. Tumezijaribu, na tunashauriana hivi:

– Hesabu iwe ya kiasi, kama 27 + 38. Ikiwa ngumu mno, utaamsha nyumba nzima kwa hasira.
– Picha inakutoa kitandani, lakini inataka mwanga. Umeme ukikatika, chagua hesabu.
– Lala simu ikiwa na chaji ya kutosha.
– Usiye na simu ya namna hiyo, patana na jirani. Atakayeamka kwanza abishe dirishani na kutega kitendawili; mwenzake asirudi kulala kabla ya kujibu.

Lakini tuambiane ukweli: kengele haiongezi usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Mama anayeosha vyombo hadi saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja amepata 5 tu. Vyombo vya jioni viwe kazi ya baba na watoto pia.

Mama yule sasa hujibu hesabu zake gizani kwa sauti. Mtoto wake humsikia, naye huamka.

Mkutano ujao leteni simu zenu, tuzipange pamoja.