Nani Mwenye Rekodi za Black Savage?

Filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles na kutoka mwaka 2005, ilipigwa picha kwa sehemu mtaani Kibera, Nairobi, na ndani yake mnasikika "Kothbiro" ya Ayub Ogada. Sauti ni ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, tulivu, na ni rahisi kudhani kwamba wimbo ulizaliwa hivyo. Kumbe ulikuwa umesharekodiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1970 na bendi ya roki, Black Savage: kina Gido Kibukosya, Jack Odongo, Mbarak Achieng na kijana Job Seda, ambaye ndiye Ogada wa baadaye. Mji ulikuwa ukicheza benga na rumba ya Wakongo. Wao wakashika magitaa ya umeme wakaimba Kiingereza na Kidholuo. Hawakudumu.

Mwaka 2018 Kanye West alikata kipande cha rekodi hiyo ya zamani, si ile ambayo Ogada aliitoa kwa kampuni ya Real World mwaka 1993, akakitia katika wimbo wake "Yikes". Basi mbona santuri za bendi hii hazijai madukani upya?

Ugumu uko kwenye karatasi. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, ambayo ni ya watunzi na warithi wao, na ya rekodi, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni iliyolipia studio. Black Savage walirekodi chini ya EMI. Mwaka 2012 Universal iliinunua sehemu kubwa ya EMI, na mwaka uliofuata Warner ikachukua Parlophone, sehemu nyingine ya EMI. Kwa hiyo anayetaka kuomba ruhusa ya sauti iliyonaswa Nairobi huenda akaandika barua London, kwa karani asiyewahi kuisikia bendi. Halafu kuna utepe asili. Kanda nyingi za enzi ile zimepotea, na watoaji upya mara nyingi hunakili kutoka santuri yenyewe, mikwaruzo ikisafishwa kwa kompyuta.

Linalonisumbua zaidi ni mnunuzi. Soundway ya Uingereza ilipotoa Kenya Special mwaka 2013, rekodi 32 za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, kazi ilikuwa safi, lakini soko lake lilikuwa Ulaya. Santuri mpya kama hiyo hula karibu juma zima la kibarua cha mjengo, na vijana wanaotoka Kawangware alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta vibarua Lavington hawana hata gramafoni ya kuipigia. Jimmy Rugami anauza santuri kuukuu Kenyatta Market, si mbali na Kibera, lakini wanaozinunua ni wapenzi wachache. Kwenye matatu ya njia ya 46, ya Kawangware, inapigwa arbantone, mtindo wa vijana wa sasa, na sioni sababu ya kuilaumu: dereva hawezi kupiga kitu ambacho hajawahi kukipata kwenye simu.

Sheria nayo inasogeza saa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1976 hufunguka mwisho wa 2026. Utunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Ogada alifariki Februari 2019, kwa hiyo haki ya utunzi inafika angalau 2069. Maana yake, humu nchini mtu ataweza kuitoa rekodi bila kuomba ruhusa ya kampuni, ila atadaiwa mirabaha ya watunzi. Ikusanywe na nani? MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya muziki, na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, wamevutania leseni miaka nenda miaka rudi, na familia haziwezi kungoja ugomvi huo uishe.

Ningekuwa mtoaji, ningeanza na faili la bure kwa simu, majina ya wapigaji wote yakiwa yameandikwa na warithi wakiwa wameshatia saini. Santuri ya wakusanyaji ingefuata, na faida yake ndiyo ingelipia hilo faili.