Kemia ya Maji ya Mto Ruvuma na Kuchakaa kwa Miamba: Funzo kwa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Mto Ruvuma, wenye urefu wa takriban kilomita 800, ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya mwendo wake, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Palma. Pamoja na mchanga na tope, maji yake hubeba madini yaliyoyeyuka. Makala hii inaeleza jinsi madini hayo yanavyofichua asili yake, na jinsi chumvi ya bahari inavyoweza kuupotosha ushahidi huo.

2.0 Kutoka mwamba hadi maji

Maji ya mvua hupokea kabonidayoksaidi angani, na zaidi udongoni, yakawa asidi hafifu. Katika miamba ya naisi ya bara, ambako Ruvuma na tawimto lake Lugenda hukusanya maji, asidi hiyo hugeuza feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi, na maji huondoka na sodiamu, kalsiamu, silika na bikaboneti. Katika mawe ya matumbawe ya pwani, huyeyusha chokaa kwa kasi zaidi na kutoa hasa kalsiamu na bikaboneti. Kwa makadirio ya mwaka 1999 yaliyotokana na mito mikubwa ya dunia, uwiano wa moli wa kalsiamu kwa sodiamu ni takriban 0.35 katika maji ya miamba ya silika, na takriban 50 katika maji ya chokaa.

3.0 Chumvi ya bahari

Bahari ina sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Kwa hiyo, chumvi yake, ikiletwa na mvua au maji kujaa, huweza kuyafanya maji ya chokaa yadhaniwe kuwa ya naisi. Kipimo cha kloridi huondoa utata: baharini kuna takriban moli 0.86 za sodiamu kwa kila moli ya kloridi. Sodiamu inayozidi kiwango hicho kwa kawaida hutoka mwambani.

4.0 Hitimisho

Katika wilaya ya Palma, ambako mradi wa gesi wa Afungi unaongeza mahitaji ya maji, taarifa kwamba kisima kina chumvi haitoshi kuongoza uamuzi. Uwiano wa sodiamu kwa kloridi ukiwa karibu na 0.86 au chini yake, kuna sababu ya kushuku kuwa bahari inaingia, na uvutaji wa maji hauna budi kupunguzwa. Ukizidi sana, mwamba wenyewe uchunguzwe. Inafaa nchi zote mbili zipime mto juu ya kikomo cha maji kujaa, masika na kiangazi, ili mabadiliko ya baadaye yawe na kipimo cha kulinganishia.